Jozi ya Viatu na Jozi ya Watu

Akina mama wenzangu, tulipokaa Guangzhou, nchini China, kwa biashara ya mume wangu, jirani yetu aliyejua Kiingereza alinifundisha Kichina kidogo. Siku moja nilitaka kusema kwamba sisi ni mume na mke, nikatumia "yi shuang". Akacheka hadi machozi yakamtoka.

"Hivyo tunahesabu viatu, soksi na vijiti vya kulia! Mume na mke ni 'yi dui'. Sema: 'Tamen shi yi dui fuqi', yaani, wale ni mke na mume." Akaongeza kuwa "dui" pia ni kuelekeana.

Nilinyamaza. Kwa wiki tatu mimi na mume wangu tulikuwa viatu kweli: tuko pamoja, lakini hatutazamani. Alikuwa amemkopesha ndugu yake fedha za duka bila kuniambia.

Jioni ile nilipotenga chakula, nilihamisha kiti changu kutoka ubavuni pake, nikaketi kumwelekea. "Baba Neema, tuzungumze." Tulizungumza hadi usiku wa manane.

Fedha hazijarudi mpaka leo. Mume wangu amerudi.