Waliobeba Machela hadi Burma

Mimi ni muuguzi hapa Musonoi, Kolwezi, na nilikuwa nimeamua kuacha kazi. Vijana niliosoma nao walikwenda kuchimba kobalti, na wiki ambayo shimo limetoa madini hupata pesa nyingi kuliko mshahara wangu wa mwezi.

Aliyenizuia ni mzee mmoja niliyekuwa nikimfunga kidonda cha mguu. Nilimwambia kwamba mwezi ujao atahudumiwa na mwingine. Akaniuliza sababu, nikamweleza.

"Mwanangu," akasema, "baba yangu alikuwa munganga, mtabibu wa Force Publique, jeshi la wakoloni. Alifika Burma. Alirudi na mgongo mbovu kwa kubeba watu."

Kolwezi ukitaja vita, watu hurudi Mei 1978, mji wetu ulipovamiwa, na masimulizi yote ni ya bunduki. Vita Kuu ya Pili ya Dunia nayo tunaisimulia kwa shaba, na kwa urani ya Shinkolobwe. Waliofunga vidonda hawatajwi. Basi nikaanza kusoma habari za Kituo cha 10 cha kupokea majeruhi cha Kongo ya Wabelgiji: Wakongo wapatao 350, Wazungu wapatao 20. Walianzia Abisinia, wakahudumu Somalia na Madagaska, kisha Burma pamoja na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Kati ya 1941 na 1945 walihudumia wagonjwa wapatao 30,000.

Mwaka 1944 divisheni hiyo ilishuka bonde la Kabaw mvua zikinyesha bila kukoma. Magari yalizama matopeni, malaria ikaangusha watu kama risasi. Majeruhi akiletwa kwa machela, ilibidi aangaliwe upesi: nani anavuja damu, nani anaweza kungoja, nani aingie kwanza kwenye upasuaji. Niliposoma hayo nilisimama. Ndiyo kazi niifanyayo shimo linapoporomoka na wachimbaji wakaletwa kwetu wamejaa udongo mdomoni! Hapo moyo wangu uligeuka. Kumbe nilichokuwa nataka kukikimbia kilikuwa kazi ya watu hodari kuliko wote niliopata kuwasikia.

Nao walirudi kwenye koloni ambamo Mkongo aliruhusiwa kuwa msaidizi wa daktari, basi. Udaktari wenyewe hakuufikia. Heshima nayo ilichelewa: Juni 2022, Kinshasa, Mfalme Philippe wa Ubelgiji alimvisha nishani Koplo Albert Kunyuku, mkongwe wa Burma aliyekuwa na umri wa miaka 100. Nilifurahi hadi machozi, na bado nina uchungu: miaka 77 baada ya vita, wenzake wengi wamekwisha kuzikwa.

Mimi nimebaki dispanseri. Nawe msomaji, kama babu yako alivaa sare ya Force Publique na kubeba machela, waulize wazee waliobaki nyumbani. Andika jina lake, kijiji chake na mahali alikopigana na kifo cha wengine, ulipeleke shuleni watoto wakalisome. Fanya hivyo mwaka huu, wazee wangalipo.