Suti Nyeusi Katika Ghuba ya Biscay

Mwishoni mwa 2002 hoteli ya Paradise pale Kikambala ilishambuliwa kwa bomu, na Mei iliyofuata British Airways ikasimamisha safari zake za Kenya. Hoteli za pwani zikabaki na walinzi na paka. Ile niliyokuwa nikihudumu mezani, kaskazini mwa Mombasa, ilitupa likizo bila malipo, na kila mmoja wetu alijua likizo ya namna hiyo huishia wapi. Wakala mmoja mjini alikuwa akitafuta wahudumu wa meli za utalii. Nikapimwa afya, nikachanjwa homa ya manjano, nikakata kitabu cha baharia, na baridi ya mwaka huo ikanikuta Southampton nikipanda meli nyeupe yenye watu wengi kuliko mtaa wetu wote wa Kibokoni.

Jina la meli nitaliacha. Ninachokikumbuka zaidi ni ukumbi wake wa chakula, maana ndimo nilimoishi. Kabini yangu, chini kabisa ambako dirisha halifai, ilikuwa ya kulalia tu. Ukumbi ulikuwa wa ghorofa mbili, na katikati yake ngazi pana iliyojipinda, iliyojengwa ili watu waonekane wakishuka. Abiria walikula kwa zamu mbili, ya saa kumi na mbili na nusu na ya saa mbili na nusu usiku.

Kila jioni mhudumu wa kabini alimwekea abiria ratiba ya kesho juu ya kitanda. Kabla ya saa za muziki na bei za matembezi, palikuwa na mstari mmoja unaohusu mavazi ya usiku. Jioni ya kawaida ilitaka shati lenye kola na suruali ndefu. Kaptula na champali ziishie kwenye bwawa. Jioni ya kati ilitaka koti, tai ukipenda. Jioni rasmi haikuwa na ukipenda: mwanamume suti nyeusi na tai ya kipepeo, mwanamke gauni refu, au kitu kinachokaribia hapo.

Nilidhani jioni hizo rasmi hupangwa ovyo, mpaka nilipoanza kuzifuatilia. Usiku wa kwanza kamwe haukuwa rasmi, kwa kuwa masanduku mengine bado yanatafuta kabini zake. Wa mwisho vilevile, kwa kuwa kabla ya usiku wa manane sanduku lazima liwe nje ya mlango, tayari kushushwa, na suti imo ndani yake. Siku za bandarini watu hurudi kutoka Funchal au Lisbon wamechoka, hawataki kusikia habari za tai. Zilizobaki ni siku za bahari tupu, mtu anapokuwa na mchana kutwa wa kupiga pasi na kukaa saluni. Utaratibu huo ni wa tangu enzi za meli kubwa za Atlantiki, na kila nilipoufikiria niliuona una akili.

Ila una kasoro moja. Meli inayotoka Southampton kwenda Madeira, usiku wa pili huwa imo katika Ghuba ya Biscay, na Biscay wakati wa baridi haina adabu. Kwa hiyo jioni rasmi ya kwanza, ile ya nahodha kusimama mlangoni akiwapa mkono mamia ya watu, ilituangukia palepale mawimbi yalipokuwa makubwa.

Mkuu wetu wa ukumbi alikuwa Mreno wa makamo aliyezunguka dunia tangu ujana wake. Alasiri ya siku hiyo, safari yangu ya kwanza, alitazama maji ya jagi yanavyocheza, akatuamuru tuvirashie vitambaa vya meza maji. Nikadhani ananitania, mgeni wa kazi. Kumbe kitambaa kikavu kinateleza pamoja na sahani zake, kilichoroa kinaishika sahani. Mnara wa glasi za shampeni, uliokuwa ujengwe chini ya ngazi, ukafutwa. Wasafishaji wakachomeka mifuko ya karatasi kwenye vishikio vya ngazi, mmoja kila hatua chache, kwa ajili ya wasioweza kufika msalani.

Nami nikasema moyoni, leo hatuna kazi, nani atavaa gauni la harusi ili akalitapikie?

Wakaja. Si wote, meza nyingi zilibaki tupu. Lakini waliokuja, walikuja kamili. Wanaume wenye nyuso za rangi ya nta, kola zimewabana, viatu vinang'aa. Wanawake walishuka ngazi mkono mmoja kwenye kishikio na mwingine umeinua pindo, na meli ilipolala upande walisimama, wakangoja, kisha wakaendelea kana kwamba wamesimama kwa hiari yao. Tuliwapa matofaa ya kijani na biskuti kavu, dawa ambayo mabaharia wote huiapia. Kulikuwa na bibi mmoja, umri wa nyanya yangu, aliyekula tofaa lake kwa kisu na uma, hajagusa kitu kingine. Nikamuuliza kama angependelea kupelekewa chakula kabini. Akasema gauni lile amelipigia pasi mwenyewe, na halikupigwa pasi ili lilale kabatini.

Nilimwelewa mara moja. Shangazi zangu ni hao hao. Kwenye kupamba, usiku ule wa harusi ambao wanawake wako peke yao na buibui zimewekwa kando, joto la ukumbi lingeweza kumuua ng'ombe, na hakuna anayelegeza hata kifungo. Tofauti ni kwamba kwetu hakuna anayeandikiwa. Mtoto wa Mji wa Kale anajua kanzu ya Ijumaa, ya matanga na ya harusini. Anajua bwana harusi ndiye avaaye joho. Asiyejua huonekana, husemwa, na kusemwa huko ndiko kusomeshwa kwake.

Hapo ndipo nilipoanza kuiheshimu ile karatasi ya kitandani. Wenzangu wengi waliiona ni ubwana wa Kiingereza, na ubwana ulikuwamo, sikatai. Lakini aliyezaliwa katika nyumba za suti nyeusi hahitaji kuandikiwa. Karatasi ilimfaa asiyejua. Nakumbuka dereva wa lori kutoka kaskazini mwa Uingereza, mkewe amemlazimisha safari, suti kaikodi katika duka la melini. Alinivizia kwenye korido kabla ya zamu ya pili, tai mkononi imenyooka kama mkanda. Wahudumu tulivaa tai za kipepeo usiku baada ya usiku, tukawa mafundi bila kutaka. Sisi peke yetu hatukuwa na haja ya kusoma ratiba. Nikamfungia. Alipokaa mezani kando ya hakimu mstaafu sikuweza kuwatofautisha, isipokuwa kwamba tai ya hakimu ilikuwa ya kubana, imefungwa dukani.

Waliokorofisha mlangoni hawakuwa watu wa aina ya dereva yule. Walikuwa wa kabini za juu, zenye baraza na mhudumu wa peke yao. Ndio waliokuja na jinzi na kuuliza kama mkuu wa ukumbi anajua wao ni nani. Mreno wetu alikuwa na makoti machache ya akiba nyuma ya meza yake. Alimletea mtu koti kwa mikono miwili, kwa heshima zote, na sikumwona akishindwa.

Suti yenyewe ina historia ya kuchekesha. Inasimuliwa kwamba mwaka 1865 fundi Henry Poole wa Savile Row alimshonea mrithi wa ufalme, ambaye baadaye alikuwa Mfalme Edward wa Saba, koti fupi la kulia chakula nyumbani kwake shamba, ili asiteseke na koti la mkia. Yaani kile ambacho watu walijibana nacho katikati ya Biscay kilianza kama nguo ya kustarehe.

Sharti lilikuwa na mlango wa pembeni: vazi la taifa lilikubaliwa. Waskoti waliutumia sana, na sketi zao za mirabaraba na soksi ndefu. Usiku mmoja akashuka Mnaijeria mwenye agbada ya samawati iliyojaza ngazi kutoka kishikio hadi kishikio. Kijana wa mlangoni akababaika, akamtazama mkuu wake, Mreno alikwishainama. Mpiga picha aliacha foleni yake yote akamfuata.

Nami nilikuwa na kanzu. Mama alinifungia sandukuni pamoja na kofia ya viua. Miaka ile Idi iliangukia Novemba. Tuliswali katika chumba cha kulia cha wafanyakazi, viti vimesukumwa ukutani, kabla ya zamu ya kifungua kinywa. Waindonesia walikuja na sarungi na kofia zao nyeusi, Wahindi wawili watatu na kurta, mimi na kanzu. Mpishi kutoka Bali, Mhindu, alisimama mlangoni akisema kwamba leo huku chini kumependeza kuliko juu. Dakika chache baadaye kila mtu alikuwa amerudi ndani ya koti fupi la kazi na beji yenye jina la nchi yake. Kanzu ile haikupanda ghorofa hata siku moja. Vazi la taifa lilikuwa haki ya abiria.

Nilipoingia, kampuni yangu ilikuwa bado inashikilia ya kale, ingawa mwaka 2000 Norwegian Cruise Line ilikuwa imekwisha kuwaambia watu wale saa wanayotaka na wavae wanachotaka. Kampuni nyingine zilifuata polepole. Katika mkataba wangu wa mwisho jioni rasmi zilikuwa zimepunguzwa, na hizo chache zilizosalia zikapewa jina laini zaidi, ili asiye na suti asijione amekosea. Abiria wapya walifurahi. Wa zamani waliandika barua. Wapiga picha ndio walionung'unika kwa kelele, kwa sababu hakuna anayenunua picha yake akiwa na fulana. Duka la kukodi suti likageuzwa la saa na manukato, na Mfilipino aliyelisimamia, mtu aliyeweza kukisia kipimo chako cha mabega kutoka mlangoni, akahamishiwa bafe ya sitaha ya juu, kugawa chipsi.