Insha ya Mtu Mwingine

Mwezi uliopita niliuza insha kuhusu Wang Yangming. Mnunuzi ni mwanafunzi wa ng'ambo, hata jina simjui. Kabla ya hapo, China kwangu ilikuwa vile vigae vya sahani vilivyomo Fort Jesus.

Wang alizaliwa mwaka 1472. Mtihani mkuu wa serikali ulimwangusha mara mbili, akapita 1499. Hapo tu akanikaa moyoni. Ujanani alimfuata Zhu Xi, mwanachuoni wa karne ya 12 aliyefundisha kwamba kila kitu kina kanuni yake, uichunguze mpaka uielewe. Basi Wang akaikodolea macho mianzi siku saba. Alichoambulia ni ugonjwa. Mwaka 1506 alipigwa viboko kwa kuwatetea maafisa waliofungwa, kisha akapelekwa mbali, Longchang. Huko, 1508, akaona kwamba alichokitafuta nje kimo moyoni mwake. Akafundisha kuwa kujua na kutenda ni kitu kimoja: ukisema wajua haki ya mzazi na huitimizi, bado hujaijua.

Kwetu Mji wa Kale hayo si mageni. Nimesoma vyuo viwili. Cha kwanza, cha Kurani, kule nyuma ya Ndia Kuu, maalimu alitwambia elimu bila amali ni mti usiozaa. Cha pili ni chuo kikuu. Nilianguka mitihani mara mbili, nikaacha. Mimi sikurudi mara ya tatu.

Mamangu hakujua. Kila alfajiri akishauza mahamri na mbaazi, alitia noti ya mia kwenye kopo la karo. Usiku akiniona kwenye laptopu naandikia watu insha, alipita polepole asinisumbue. "Soma, baba," alisema.

Insha ile nililipwa vizuri. Lakini nilikuwa nimeeleza kurasa nane za haki ya mzazi, na mzazi mwenyewe yuko jikoni anakanda unga.

Juzi nikamwambia. Alinisikiza mpaka mwisho, akaosha mikono, akaenda kuswali. Kopo liko palepale. Hajatia kitu, wala hajaliondoa.

Kazi ya kuwaandikia watu insha bado sijaiacha. Najua si halali. Wang angesema sijajua bado.