Kopo Juu ya Tangi

Sisi tulikuwa wawili, mafrateri wa mwaka wa pili wa falsafa, na vifaa vyenyewe vilikuwa vitatu. Viwili vilikuwa na kioo kidogo na kibodi ya vidole gumba, kama zile simu za zamani za BlackBerry. Cha tatu kilikuwa kibao kitupu cha saketi chenye antena. Kaka wa mmoja wetu aliviagiza mtandaoni akatukabidhi wakati wa likizo ya Krismasi, na bei ya vyote vitatu haikufikia ile ya simu janja nzuri.

Tulivitaka kwa sababu ya shamba. Shamba la seminari liko ng'ambo ya kilima, mwendo wa dakika 45 kwa miguu, na kila wiki frateri mmoja hukaa huko kuangalia ng'ombe na nguruwe. Bondeni mtandao wa simu haufiki. Akihitaji dawa ya mifugo, hupanda kilima; akihitajika nyumbani, mtu humfuata.

Padre Gambera alitusikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kama vifaa hivyo vinazimika wakati wa ukimya mkuu. Tukajibu kwamba vinazimika. "Basi vizimwe," akasema, na ruhusa ikawa imepatikana.

Programu tuliyoitumia inaitwa Meshtastic, ni ya bure, na ilianzishwa mwaka 2020. Redio iliyomo ndani ni ya aina ya LoRa. Kila kipande cha ujumbe husafiri kama mluzi unaopanda kutoka masafa ya chini kwenda ya juu, na mluzi huo hutambulika hata ukiwa umefifia kuliko kelele za hewani. Ndiyo maana redio yenye nguvu ndogo hufika mbali. Gharama yake ni mwendo: kwa mpangilio wa kawaida hupitisha kama kilobiti 1 kwa sekunde. Picha haipiti, wala sauti. Ni maandishi tu, herufi 200 hivi kwa ujumbe mmoja. Jambo la kwanza tulilojifunza ni kutowasha kifaa kabla ya kufunga antena, kwa kuwa nguvu isiyopata pa kutokea hurudi ndani na inaweza kuunguza redio.

Jaribio letu la kwanza halikufika popote, kilima kilizuia. Hapo ndipo kibao cha tatu kilipopata kazi. Katika mfumo huu, kifaa kinachosikia ujumbe huurudia, na kila unaporudiwa hesabu yake hupungua. Kwa kawaida huanzia 3, ili ujumbe usizunguke bila mwisho. Tulikitia kibao ndani ya kopo tupu la Blue Band pamoja na betri ya tochi, tukaunganisha paneli ndogo ya sola, tukatoboa tundu la antena na kuliziba kwa nta ya masalio ya mishumaa. Kisha tukalifunga kopo juu ya tangi la maji kileleni. Wiki moja baadaye jua lilikuwa limeyeyusha nta yote, tukamwomba fundi bomba gundi yake.

Ujumbe wa kwanza kutoka shambani ulisomeka: "Ng'ombe mweusi hali." Tukauliza: "Hali gani?" Akajibu: "Hali majani." Bwalo zima lilicheka siku ile, na dawa ilifika kabla ya giza. Tulianza kujiona watu wa maana.

Mwezi Machi, saa nane mchana, simu ilipigwa ofisini. Mama wa mwenzetu aliyekuwa shambani amelazwa, atafanyiwa upasuaji kesho yake asubuhi. Padre mlezi alitutuma tumwite. Mvua ilikuwa inanyesha, njia ya kilimani ni utelezi, na sisi tulikuwa na kifaa. Tukaandika: "Mama amelazwa. Padre anakuita. Njoo sasa." Alama ya kupokelewa ikatokea kwenye kioo. Tukaenda kujisomea.

Alikuja saa kumi na mbili jioni na ndoo ya maziwa, akipiga mluzi. Tulipomwuliza mbona amechelewa, alituuliza amechelewa wapi. Kifaa chake kilikuwa kimeisha chaji tangu asubuhi, kiko mfukoni mwa koti lililotundikwa bandani. Basi la mwisho lilikuwa limeondoka saa kumi. Tulimwambia habari za mama yake pale pale mlangoni pa jiko, ndoo ikiwa bado mkononi mwake.

Usiku ule tulisoma tena maelezo ya programu. Ujumbe tuliutuma kwenye chaneli ya pamoja, na huko alama ile ina maana tu kwamba kifaa chochote kimeusikia na kuurudia. Aliyetuitikia alikuwa kopo letu juu ya tangi. Ukimtumia mtu moja kwa moja, kifaa chake chenyewe ndicho huthibitisha. Lakini hata hapo kinachothibitisha ni kifaa, na koti lingeweza kupokea habari zile bila mtu yeyote kuzisikia.

Mwenzetu aliondoka alfajiri. Alipofika hospitali mama yake alikuwa ameshaingizwa chumba cha upasuaji, na dada yake akamwambia kuwa alikuwa akimwulizia. Tunashukuru, mama alipona. Aliporudi tulimwomba msamaha, tukaanza kumweleza habari za chaneli na za chaji. Alituacha tumalize. Kisha akasema, "Hata kama ningeusoma, jamani, ningekuwa peke yangu na nguruwe."

Hilo hatukuwa tumelifikiria kabisa. Tulikuwa tumehangaika na njia ya ujumbe, tukasahau anayeupokea.

Vifaa bado vinafanya kazi. Kopo liko juu ya tangi, na wiki iliyopita tulilibadilishia betri. Dawa, chumvi ya mifugo, idadi ya lita za maziwa, vyote hupita huko, na anayepokea hujibu kwa neno lake mwenyewe ndipo tuhesabu kuwa amesikia. Habari za ugonjwa na msiba hazipiti. Kwa hizo tumeweka jozi mbili za mabuti nyuma ya mlango wa ofisi, na tunakwenda wawili.