Ndege ya shilingi mia nne: niiunde au niiache?

Najua niliahidi sehemu ya pili ya makala ya hifadhidata, na itakuja. Leo nina jambo jingine ambalo limenikalia kichwani wiki tatu nzima, na nisipoliandika sitalala.

Jumamosi moja nilikwenda Kibuye kutafuta chaja ya laptopu. Kwa asiyeijua Kisumu, Kibuye ni soko ambalo ukikikosa kitu huko, basi jua hakijafika mjini. Chaja sikuipata. Lakini kwenye rundo la vitu vya watoto vya mitumba, chini ya dubu asiye na jicho moja, niliona kona ya sanduku lenye picha ya ndege kubwa ikiwa juu ya maji. Airfix. Short Sunderland III, kipimo cha 1/72.

"Mama, hii ni pesa ngapi?"

"Hiyo ya ndege? Leta mia sita, kastoma."

"Sanduku limeraruka, mama. Hata sijui kama vitu vyote viko."

"Mimi pia sijui, kijana wangu. Leta mia nne uende nayo."

Nikatoa mia nne.

Nyumbani Nyalenda nilimwaga kila kitu mezani na kuhesabu. Ndani kulikuwa na karatasi ya maelekezo iliyokunjwa mara nyingi hadi inakatika. Bawa la kulia lilikuwa limepinda kidogo kama mkono wa mtu anayeomba lifti. Vioo vina mikwaruzo. Vibandiko vya maji, zile alama na namba za ndege, vimekuwa na rangi ya chai. Vipande vinne havipo, na kimoja kati ya hivyo ni kiboya cha chini ya bawa la kushoto. Ndege ya majini bila kiboya ni kama pikipiki bila stendi, inalala upande.

Halafu kuna umri wa muundo wenyewe. Airfix walitoa Sunderland hii kwa mara ya kwanza mwaka 1959. Sanduku langu ni la toleo la baadaye, lakini kalibu ni ile ile. Watu wa fani hii hawaipendi sana. Mistari ya mabati imeinuka badala ya kuchimbwa, ndege nzima ina vichwa vya ribiti kama imepata harara, chumba cha rubani ni viti na watu wawili tu, na sehemu za mwili hazikutani vizuri. Italeri wana Sunderland ya kisasa zaidi, safi kabisa, ila bei yake ni zaidi ya mara kumi ya niliyolipa, kabla hata hujagusa usafirishaji na ushuru.

Kwa mtu mwenye akili timamu hesabu ilikuwa imekwisha hapo. Unarudisha vitu sandukuni, unampa mtoto wa jirani, unarudi kazini.

Tatizo ni Dani.

Dani ni nyanya yangu, mama yake baba. Alizaliwa 1937 na amekaa Dunga karibu maisha yake yote. Tangu nikiwa mdogo ametusimulia kuhusu ndege iliyokuwa ikitua ziwani. Si uwanjani, ziwani. Anasema ilikuwa inakata maji kama mtumbwi wenye hasira, halafu inatulia kama bata. Sisi wajukuu tulikuwa tunacheka chini chini. Binamu yangu mmoja alimwambia waziwazi kwamba aliota.

Hakuota. Imperial Airways walianza safari za Afrika Februari 1931, kutoka Croydon hadi Mwanza, na kipande cha ziwani kilifanywa na ndege za majini aina ya Short Calcutta. Kisumu ilikuwa kituo. Mwaka 1937 zikaja Short Empire, na abiria akaweza kutoka Southampton hadi Durban kwa ndege za majini njia nzima, akipitia hapa kwetu. Vita vilipokata njia ya Ulaya mwaka 1940, ndege hizo zikaanza kufanya safari ya Durban hadi Sydney kupitia Lindi, Dar es Salaam, Mombasa, Kisumu, Port Bell, Khartoum, Cairo na kuendelea Asia. Watu waliiita njia ya kiatu cha farasi kwa sababu ya umbo lake kwenye ramani. Dani alikuwa mtoto wa miaka kati ya mitatu na tisa. Kuona aliona.

Mwaka jana alianza kugonga vikombe. Hospitalini wakasema ni presha ya macho, na daktari akatuambia wazi kwamba kilichopotea hakirudi, dawa ni ya kulinda kilichobaki. Sasa anaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Kila nikienda naona bomba limekuwa jembamba zaidi.

Kwa hiyo swali langu halikuwa hasa kama seti hii ni nzuri. Jibu la hilo ninalo, si nzuri. Nilikuwa najiuliza kama nijikusanyie pesa nipate iliyo bora mwakani, au nitumie hii mbovu iliyo mezani leo.

Na kuna kasoro kubwa kuliko kiboya. Sunderland siyo ndege aliyoiona Dani. Ni ndugu yake. Zote mbili zilitoka kwa Short Brothers wa Rochester, mbunifu mkuu akiwa Arthur Gouge, zote na injini nne za Bristol Pegasus, na upana wa mabawa unakaribiana sana: Empire karibu mita 34.7, Sunderland karibu mita 34.4. Lakini Empire ilibeba abiria, ina pua laini na madirisha ubavuni. Sunderland ni ya kivita, ina mwili mnene zaidi, mnara wa bunduki puani na mwingine mkiani. Uzito wa mnara wa mkiani ndio uliowafanya wayarudishe mabawa nyuma kidogo ili ndege isielemewe. Sunderland nazo zilifika pwani yetu, Kikosi cha 230 cha jeshi la anga la Uingereza kilikuwa na zake Dar es Salaam mwaka 1943. Ila ukiniuliza ipi ilitua mbele ya Dani akiwa amesimama na ndoo, nitakuambia Empire.

Seti ya plastiki ya Empire katika kipimo hiki sijawahi kuiona popote ninapoweza kununua. Hata ndege zenyewe hazipo. Ziliundwa 42 na hakuna hata moja iliyosalia duniani. Sunderland ziliundwa kwa mamia na chache bado ziko kwenye makumbusho.

Nilikaa na hilo siku kadhaa. Kazini tuna mfumo wa zamani wa PHP ambao kila mtu mpya akija anataka kuufuta na kuandika upya, na mimi ndiye huwa nawazuia. Huwa nawatolea mfano wa Netscape, ambao Joel Spolsky aliwaandika mwaka 2000, jinsi walivyotupa msimbo wao wote wakaanza upya na kupoteza miaka. Sasa jioni nikirudi nyumbani, mimi huyu huyu nasema heri kitu kipya safi au tusifanye kabisa. Niliona aibu kidogo.

Kilichonisukuma zaidi ni hadithi ya Corsair. Hii ilikuwa moja ya zile Empire. Tarehe 14 Machi 1939 iliondoka Port Bell kuelekea Juba, ikapotea, mafuta yakakaribia kuisha, rubani akaishusha kwenye mto Dungu karibu na Faradje huko Kongo. Mto mwembamba, wenye mawe. Ikatoboka tumbo ikazama nusu. Waliitengeneza palepale kwa miezi, wakajaribu kuirusha, ikagonga jiwe tena. Wakaanza upya. Wakajenga bwawa ili maji yapande, na ndege ikaruka Januari 1940. Karibu miezi kumi porini, vibarua, barabara, bwawa, kwa sababu ya ndege moja iliyotoboka. Nami nilikuwa nalalamikia kiboya.

Basi nikapiga hesabu ya kweli. Gundi ya plastiki inayouzwa kwa kazi hii hapa mjini sikuipata, lakini thina ya rangi ya gari inayeyusha plastiki ya aina hii, na ukiipaka kwa brashi nyembamba kwenye kiungo inashika vizuri. (Fungua dirisha. Sirudii.) Vipande vya fremu vilivyobaki ukivikatakata na kuviloweka kwenye thina hiyo ndani ya kichupa cha kioo, kesho yake una uji wa plastiki wa kuzibia nyufa. Supa gluu ninayo, ila isikaribie vioo, mvuke wake unaviacha na ukungu mweupe. Huko tumia gundi nyeupe ya mbao. Filla na msasa laini nilipata kwa fundi wa kunyoosha magari, akanipimia filla kwenye mfuko kwa shilingi hamsini akitaka kujua gari gani. Bawa lilinyooka kwenye maji ya moto. Kiboya nimekifinyanga kwa ile gundi ya mafundi bomba ya kukanda sehemu mbili, nikifuatisha kile cha kulia. Hakifanani kabisa, lakini usiwaweke jua moja hutajua.

Jumla ya pesa, pamoja na rangi ya kopo: chini ya shilingi elfu moja mia tano. Muda nilikadiria saa kumi. Wenzangu wa kazi hii mnajua makadirio yetu, zidisha kwa tatu.

Kuhusu kwamba ni ndege tofauti: baada ya vita Short wenyewe walichukua Sunderland wakaziondoa bunduki, wakazifunika pua na mkia, wakazifanya za abiria kwa jina la Sandringham. Nitafuata njia hiyo. Minara ya bunduki inabaki sandukuni, pua naijenga kwa filla, madirisha nayachora. Haitakuwa Empire na sitaiandika jina la Empire. Vile vibandiko vya rangi ya chai sivihitaji tena, ingawa nimevibandika dirishani vipigwe na jua, wanasema vinarudi kuwa vyeupe. Nataka tu kuona.

Jumapili iliyopita nilichukua boda hadi Dunga nikiwa na mwili wa ndege peke yake, nusu mbili zimeshikana, bila mabawa, bila rangi. Nilitaka kumuuliza rangi kabla sijanunua kopo. Nikamwekea mapajani.

Hakuiinua machoni kama nilivyotegemea. Aliipitisha vidole, kuanzia puani, polepole, juu ya zile ribiti ambazo watu hushinda wakizisaga kwa msasa. Alipofika chini ya tumbo, pale mwili unapokatwa ngazi ili ndege iachane na maji, akasimama.

"Hapa ndipo maji yalikuwa yanaruka," akasema.

"Ndiyo, Dani. Ilikuwa rangi gani?"

"Rangi ya tumbo la samaki." Akaendelea kupapasa. "Mbona haina mikono, nyakwara?"

Nikamwambia mabawa yanakuja. Akauliza lini. Nikasema mwisho wa mwezi, na hapo nilikuwa nimeshajifunga.

Nilikuwa nimepanga kuzisaga ribiti zote leo, maana ndivyo kila mtu anavyoshauri kabla ya kupaka rangi ya fedha, rangi hiyo huonyesha kila kasoro. Nimeuweka msasa pembeni. Nitasaga kwenye viungo tu. Umeme umekatika tangu saa kumi na mbili, laptopu iko asilimia kumi na nane na chaja bado sijapata, kwa hiyo naishia hapa nikatafute tochi. Bawa la kushoto halijakauka.