Kulegea si Kuoza

Nilipokusanya maneno ya garaji kule Kabambare, majina ya vifaa hayakunipa shida. Bolti ni bulo, nati ni ekru, washa ni rondele, bisibisi ni turnevisi, na kulehemu ni kusude. Yote hayo tumeyapata katika Kifaransa cha Wabelgiji. Lakini anayeshika turnevisi anaitwa fundi, jina lililofika Maniema pamoja na misafara ya pwani, kabla majeshi ya Leopold hayajaiteka Kasongo mwaka 1893. Kwa hiyo sentensi moja ya garaji hubeba historia mbili, na msemaji hahisi mshono wowote kati yake. Jambo hilo wanafunzi wa isimu wanalifahamu. Mimi nilichojifunza zaidi kilitoka katika vitenzi viwili, kulegea na kuoza, na katika kiti kimoja cha Land Cruiser ya zamani.

Gari hilo lilikuwa la kubeba abiria kati ya Kasongo na Kabambare. Kiti cha mbele upande wa abiria kilikuwa kinacheza: gari likipanda mlima kinaegemea nyuma, likifunga breki kinaruka mbele. Shofere alieleza tatizo kwa maneno machache: "Fundi, kiti kimelegea. Kaza bulo, tuko na safari." Abiria walikuwa wamekwisha kulipa, na mizigo ilikuwa juu ya gari.

Fundi alijaribu kukaza. Bulo mbili za mbele zilishika. Zile mbili za nyuma zilizunguka na kuzunguka bila kushika kitu. Shofere akaomba ziwekwe rondele kubwa zaidi. Mzee yule hakubishana naye. Alilala chini ya gari, akagonga sakafu kwa mpini wa nyundo, akisikiliza. Mahali palipo na chuma kizima palilia. Karibu na miguu ya kiti sauti ilikuwa nzito na fupi, kama ya kugonga mti uliooza. Kisha akasema, "Bulo ni nzima, mwanangu. Chuma ndicho kimeoza."

Tofauti ya vitenzi hivyo viwili ni tofauti ya kazi mbili. Kilicholegea kinaweza kukazwa, kwa kuwa kulegea kuna kinyume chake. Kamba, mkanda na bulo vyote hulegea, navyo vyote hukazwa. Kuoza hakuna kinyume. Jino, ubao na nyama vikioza havirudi. Kilichooza hukatwa, na mahali pake huwekwa kingine. Ndiyo maana shofere, baada ya kuchagua kitenzi chake, aliendelea kuomba kazi ya kukaza. Kwa maneno yake mwenyewe alikuwa na haki. Yeye hulijua gari kutoka juu, kwa mwili wake, na kinachosikika kwenye mwili ni kulegea. Fundi hulijua kutoka chini.

Na chini kulikuwa hivi. Kiti cha gari la aina hiyo hufungwa kwenye sakafu ya bati. Ekru imelehemiwa chini ya bati hilo, mahali ambapo mkono haufiki kwa urahisi. Wakati wa mvua abiria huingia na tope miguuni, maji hupenya chini ya mkeka wa sakafu na kukaa humo siku nyingi. Huku chini, udongo mwekundu wa barabara hujipaka na kushika unyevu. Kutu hula bati pande zote mbili, mpaka ekru inang'oka na kipande chake. Hapo bulo ikizungushwa, ekru nayo inazunguka. Rondele kubwa ingekaa juu ya bati lilelile lililoliwa.

Hatari yake si ndogo. Kanuni namba 17 ya Umoja wa Mataifa kuhusu viti vya magari inataka kiti na vifungo vyake vistahimili msukumo wa mara 20 ya uzito wake. Kiti cha kilo 20 basi kinavuta kama kilo 400, na hapo hatujahesabu mtu aliyeketi nyuma akatupwa dhidi yake.

Fundi hakuzitaja hesabu hizo. Alimwita shofere alale chini pamoja naye, akampa turnevisi, akamwambia asukume. Ikapita katika bati kama kidole katika papai bivu. Shofere alinyamaza kidogo, kisha akatoka na kuwaambia abiria, "Washusheni mizigo. Gari limeoza."

Kazi ilichukua siku nzima. Kiti kilitolewa, betri ikafunguliwa, waya na bomba la mafuta vikasogezwa mbali na moto. Bati lilikatwa mpaka pakaonekana chuma cheupe, kwa kuwa chuma chenye kutu hakishiki moto wa kulehemu. Jenereta ikawashwa. Kiraka kilisudewa kwa vipande vifupi vifupi ili bati lisijikunje. Kisha, kwa chini, kikaongezwa kipande cha chuma cha milimita 3, kipana kuliko kiganja, ili uzito usiangukie tundu moja. Ekru mpya, bulo mpya, rangi juu na chini.

Katika vyuo vyetu, tunapotunga istilahi za ufundi, tunaanza na nomino. Tunajadili kama iwe bulo au bolti, ekru au nati, na mjadala huo unaweza kumaliza semina nzima. Lakini shofere na fundi walikubaliana juu ya kila nomino tangu mwanzo. Hakuna aliyeuliza bulo ni nini. Walichotofautiana ni kitenzi, na kitenzi ndicho kilichoamua kama watu wangesafiri juu ya kiti kilichoshikwa na kutu. Kamusi ya garaji inayonitosheleza ingeandika chini ya kuoza: husemwa pia juu ya chuma, hujulikana kwa sauti nzito kikigongwa, hakikazwi, hukatwa. Mzee yule angeisoma na kuona kwamba tumemsikia.