Shamba la Ghorofani Lisilopandwa Kitu

Ukijaliwa siku moja kufika New York, Marekani, yaache kidogo maghorofa marefu uende mtaa wa SoHo, barabara ya Wooster, nyumba nambari 141. Bonyeza kengele, kisha upande ngazi hadi orofa ya kwanza. Hutatozwa kiingilio, ila kamera yako ibaki mkobani. Kupiga picha ni marufuku.

Kabla hujaona kitu, pua itakuambia umefika. Ni harufu ya udongo mbichi, kama ya shambani baada ya mvua. Mbele yako kuna kizuizi cha kioo, na nyuma yake udongo mweusi umetandazwa kutoka ukuta hadi ukuta, kina cha sentimita 56, katika eneo la mita 335 za mraba. Uzito wake ni tani 127 hivi. Lori la tani saba lingefanya safari 19 kuufikisha mlangoni, na bado ngazi zingekuwa zinawangoja wabebaji!

Hii ni kazi ya msanii Walter De Maria, aliyefariki mwaka 2013. Aliitandaza hapo mwaka 1977, ikikusudiwa kuonyeshwa kwa miezi mitatu tu. Tangu 1980 wakfu wa sanaa uitwao Dia umeifungulia umma.

Nyanya yako angeuliza mara moja: wamepanda nini? Hawakupanda kitu. Hapo ndipo wageni wengi huguna na kuteremka. Wewe usifanye haraka. Tazama jinsi udongo ulivyo sawasawa na wenye unyevu. Sote twajua udongo ukiachwa ndani ya nyumba hukauka, ukapasuka, ukawa vumbi. Huu haukauki kwa sababu yupo mtu mwenye reki na mpira wa maji.

Kwa zaidi ya miaka 30, kuanzia 1989, mtu huyo alikuwa Bill Dilworth, naye mwenyewe mchoraji. Katika majumba yetu ya kukodi tungemwita keyateka. Wiki baada ya wiki alinyunyiza maji, akasawazisha, akang'oa chochote kilichothubutu kuota. Mkulima huchoka akitumaini mavuno. Dilworth alichoka ili pasiwe na mavuno yoyote. Kwa maoni yangu, De Maria alileta udongo, lakini kazi yenyewe ilifanywa na reki.

Kama miguu haijakulemea, tembea dakika chache hadi West Broadway, nambari 393. Huko utaona kazi yake nyingine, ya mwaka 1979. Ni fimbo 500 za shaba ya manjano, kila moja mita mbili, zimelazwa sakafuni kwa safu tano za mia mia. Ukiziunga zote utapata kilomita moja kamili. Sasa simama hapo na ukumbuke kwamba shaba hufifia, na kwamba fimbo hizo zote sharti zing'arishwe, kisha zingoje kufifia tena.